Kambale wa Bahari, Baba Mwenye Watoto Kinywani



Mwezi huu tunaacha nyama wa pori, tunashuka ndani ya maji. Tena si maji ya mto wetu. Tunaenda mpaka baharini. Najua wengine watauliza: «Bahari iko mbali na sisi, itatusaidia nini?» Ni kweli, mtu anaweza kuzaliwa Likasi, kufanya kazi Kipushi na kuzeeka Kolwezi bila kuona wimbi hata moja. Lakini bahari inatufikia ndani ya sufuria. Thomson wa barafu anatoka baharini. Makayabo anatoka baharini. Na maji yetu nayo yanaenda kule: Lualaba inapita karibu na Kolwezi, inashuka kaskazini, inabadilisha jina na kuitwa Congo, inazunguka sehemu kubwa ya inchi yetu, halafu inamwagika baharini pale Banana. Basi sisi na bahari tunajuana kidogo.

Samaki ninayetaka kuwaonyesha leo ni kambale wa bahari. Kambale wetu wa mto na wa matope kila mama wa soko anamjua: kichwa bapa, ndevu nane, mwili wa utelezi bila magamba, mkia wa mviringo. Ukimtoa majini asubuhi, saa sita bado anapumua ndani ya beseni, sababu anaweza kuvuta hewa kama sisi. Yule wa bahari ni wa ukoo wa mbali. Naye hana magamba, naye ana ndevu. Lakini mkia wake umepasuka kama mkasi, mgongo wake ni wa rangi ya majivu, tumbo lake jeupe, na hana uwezo ule wa kuvuta hewa ya juu.

Wataalamu wanaita jamii yake Ariidae. Ndani yake mna aina zaidi ya 100, nao wanakaa kando ya bahari za joto duniani kote. Wengine wameingia hata katika mito. Watu wa Mombasa na Zanzibar wanao, wanawaita hongwe. Pwani yetu ya Muanda na Banana inao vilevile, kwa maana kuna aina zinazokaa kando ya Afrika toka Senegal mpaka Angola. Lakini leo ninamchagua mmoja anayekaa ng'ambo ya Atlantiki, sababu huyo amechunguzwa sana. Jina lake la kitaalamu ni Ariopsis felis. Linnaeus, mtaalamu mkubwa wa Uswidi, alimwandika mwaka 1766. Felis ni neno la Kilatini, maana yake paka. Ukiona ndevu zake utaelewa. Wavuvi wa Marekani wao wanamwita «kichwa kigumu», juu ya bamba la mfupa linalofunika kichwa chake na kuenda nyuma mpaka karibu na pezi la mgongo.

Makao yake yanaanza Massachusetts kule kaskazini, yanapita Florida, Louisiana na Texas, yanafika Yucatán katika inchi ya Mexico. Anapenda maji ya kando, yenye matope na mchanga, na milango ya mito pale maji ya chumvi na maji matamu yanachanganyika. Wakati wa baridi anashuka kwenye kina, sababu maji ya chini hayapoi upesi. Wengi wana urefu wa sentimita 25 au 30 hivi. Wakubwa sana wanaweza kufika 70. Anakula kaa, wadudu wa matope, samaki wadogo, hata takataka na mizoga. Hachagui.

Ninyi mnaofanya kazi chini ya ardhi mtamwelewa kwa jambo moja. Maji anamokaa mara nyingi ni meusi kwa matope, jicho halisaidii sana. Anatumia ndevu zake sita: mbili ndefu kando ya kinywa, nne chini ya kidevu. Ndevu hizi zinapapasa na tena zinaonja. Zaidi ya hayo anatumia sauti. Ndani ya mwili wake mna mfuko wa hewa, na misuli inautikisa kama mtu anayepiga ngoma. Mlio mzito unatoka. Mwaka 1976 mtaalamu wa Marekani, William Tavolga, alieleza kwamba samaki huyu anaweza kutumia mlio wake mwenyewe kutambua kizuizi kilicho karibu mbele yake, bila kukiona. Ni kama mtu ambaye taa yake imezimika shimoni: anagonga ukuta, anasikiliza, anajua njia iko wapi.

Sasa tuseme ukweli: wavuvi wengi hawampendi. Anayetafuta samaki wa bei anamkuta huyu amemeza chambo, na hasira inapanda. Nyavu za kukokota kamba, wale ambao Kinshasa wanaitwa kosakosa, zinamkusanya kwa wingi, naye anatupwa. «Ile samaki haina faida, iko miiba tupu.» Nyama yake inaliwa, tena watu wa kale wa pwani ya Florida, Wakalusa, walimla sana, mifupa yake imejaa katika jalala zao za zamani. Lakini siku hizi wengi wanamwona kama uchafu wa nyavu.

Ile miiba ni kweli, si masimulizi. Anayo mitatu: mmoja mgongoni, na mmoja kila ubavu nyuma ya kichwa. Akishtuka anaisimamisha na kuifunga kama kufuli, huwezi kuilaza kwa nguvu. Kandokando ina meno kama ya msumeno, na ngozi inayoifunika ina sumu. Mwaka 2008 madaktari wa Brazil waliandika habari ya mvuvi mmoja aliyechomwa na mwiba wa kambale wa bahari kifuani. Ulifika moyoni, akafa. Hilo ni jambo la nadra sana, lakini maumivu ya mkono au ya mguu wavuvi wanayajua kila mwaka.

Mama msomaji, hapa shika jambo la kukusaidia hata sisi huku, maana katika mito na maziwa yetu vilevile kuna samaki wenye miiba ya sumu. Mtu akichomwa, tia mkono au mguu wake ndani ya maji ya moto, ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia, yasiwe ya kumwunguza. Yapime kwanza kwa mkono usio na kidonda. Aukalishe humo toka nusu saa mpaka saa moja na nusu, ukiongeza maji ya moto yakipoa. Joto linapunguza maumivu ya sumu. Kisha aende kwa munganga, sababu kipande cha mwiba kinaweza kubaki ndani, na kidonda cha namna hii kinahitaji kuangaliwa kwa ajili ya pepopunda.

Kuna mnyama mmoja aliyejifunza kumla bila kuchomwa. Ni pomboo, mnyama wa bahari anayenyonyesha watoto wake. Katika Ghuba ya Mexico watu waliona vichwa vya kambale hawa vikielea juu ya maji, vingine bado vinatikisika, bila mwili. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2017 ulieleza sababu: pomboo wanamkata nyuma ya kichwa, wanakula mwili, wanaacha kichwa pamoja na miiba yake mitatu. Akili ya namna hiyo hata mpishi wa hoteli atainama.

Kichwa hicho kina habari nyingine. Ukikausha fuvu la kambale wa jamii hii na kuligeuza chini, mifupa inaonekana kama msalaba wenye mtu juu yake. Ukilitikisa linalia ka-ka-ka. Katika visiwa vya Karibi, Guyana na Florida watu wanapaka fuvu rangi na kuuzia wageni. Wanasema ule mlio ni wa kete ambazo maaskari walitupa walipopigia kura nguo za Yesu. Mimi ni mchungaji, mtaniuliza ninasema nini. Ninasema ni mfupa wa samaki. Ule «msalaba» ni sehemu inayoshikilia kichwa na mgongo. Zile «kete» ni mawe mawili ya sikio, yanayomsaidia kusikia na kujua juu ni wapi, chini ni wapi. Wataalamu wakikata jiwe lile wanahesabu mistari yake na kujua umri wa samaki, kama fundi anavyohesabu miaka ya mti uliokatwa. Mtu akipenda kuweka fuvu mezani, si vibaya. Lakini anayenunua fuvu amenunua samaki aliyekufa, na ajabu kubwa ya samaki huyu iko katika kinywa chake akiwa hai.

Sikilizeni basi.

Toka mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 8 ni majira yao ya kuzaa. Tukumbuke kwanza kambale wetu wa mto anafanya nini. Maji ya mvua yakijaa anaingia kwenye majani yaliyofunikwa, jike anataga mayai maelfu na maelfu, madogo kama mbegu za ulezi, yanashikamana na majani, kisha baba na mama wote wanaenda zao. Watoto wengi wataliwa, wachache watabaki. Kwa ukoo wake hesabu hiyo inatosha.

Kambale wa bahari ameshika njia nyingine. Jike anataga mayai makumi machache tu, hayafiki 70. Lakini kila yai ni kubwa, lina upana wa milimeta 14 mpaka 18, kama goroli ambazo watoto wetu wanachezea mbele ya nyumba. Ndugu yake mmoja, Bagre marinus, anataga yai la kufika milimeta 25. Katika samaki wote wenye mifupa, haya ni kati ya mayai makubwa kabisa.

Dume akisha kuyarutubisha, anayachukua ndani ya kinywa chake. Si jike, ni dume. Mimi na wewe tumezoea habari ya mama. Tilapia wa ziwa Mweru ni mama anayebeba mayai kinywani, wavuvi wa Luapula wanalijua jambo hilo. Huku kwa kambale wa bahari ni baba. Anabeba mayai karibu mwezi mzima mpaka yapasuke. Yakipasuka kazi haijaisha, kwa maana kila mtoto ana mfuko wa kiini cha yai umening'inia tumboni, mzito, hawezi kukimbia adui. Baba anaendelea kuwabeba wiki mbili, tatu, hata nne. Jumla ni miezi miwili, pengine na zaidi.

Na katika muda huo wote, hali.

Fikiri kidogo. Kinywa kimejaa. Akitafuna kaa mmoja, ataponda watoto wake. Akimeza, atawameza. Yeye ambaye siku nyingine hachagui chakula, anaacha kaa apite mbele ya ndevu zake. Waliopasua madume yaliyobeba mayai walikuta tumbo tupu. Mtaalamu Gudger, aliyefanya uchunguzi pale Beaufort katika North Carolina na kuchapa kazi yake mwaka 1918, alikuta katika kinywa cha dume mmoja wa Bagre marinus mayai mpaka 55. Hamsini na tano, kila moja kama goroli kubwa! Dume wa namna hii anakonda. Anaishi kwa mafuta aliyoweka mwilini mbele ya majira.

Sababu gani kinywani? Sababu samaki akipumua, maji yanaingia kwa kinywa na kutokea kwa mashavu. Mayai yakiwa njiani pale, yanapata hewa safi kila dakika, na adui hawafiki. Kinywa cha baba kimekuwa nyumba na mlinzi wa mlango kwa mara moja.

Tena msimlaumu mama. Kutengeneza mayai ya ukubwa ule kumemwishia nguvu nyingi. Baba akishika watoto, mama anakwenda kula na kurudisha mwili wake. Kila mmoja amelipa sehemu yake.

Sasa tufike kwenye jambo lenye uchungu. Mvuvi akivuta dume katika majira yale, samaki kwa mateso anafungua kinywa, na mayai yanamwagika juu ya ubao wa mtumbwi. Hakuna anayeweza kuyaokoa. Ukiyatupa baharini, hayana tena anayeyapitishia maji wala anayeyalinda. Kambale wetu wa mto akikamatwa kiisha kutaga, mayai yake yanabaki kwenye majani yakiendelea na safari yao. Huyu akikamatwa, nyumba nzima imekufa. Mvuvi anahesabu samaki mmoja ndani ya kikapu. Hesabu ya kweli ni mmoja pamoja na watoto wake makumi.

Ariopsis felis mwenyewe bado ni mwingi, hatujafika mahali pa kumlilia. Lakini ndugu yake wa kusini, Genidens barbus wa Brazil, ambaye dume wake vilevile anabeba watoto kinywani, alivuliwa sana kwenye milango ya mito wakati wa kuzaa. Mwaka 2014 serikali ya Brazil ilimwandika katika orodha ya samaki walio hatarini. Samaki mwenye watoto wachache hawezi kujaza upesi pengo unalomfanyia. Nguvu yake haiko katika wingi, iko katika ulinzi. Ukiondoa mlinzi umeondoa yote.

Hapa ndipo Mweru inarudi. Mama tilapia naye, ukimkamata na watoto kinywani, unavuta kizazi kimoja kwa mkono mmoja. Upande wa Zambia wanafunga uvuvi toka mwezi wa 12 mpaka mwisho wa mwezi wa 2, ili samaki wazae kwa amani. Watu wananung'unika, sababu njaa haifungi. Ninawaelewa. Lakini sisi wa miji ya madini ndio tunaonunua samaki ule. Tukikimbilia kila rundo la samaki wadogo waliovuliwa kwa chandarua cha mbu, kwa sababu ni bei rahisi, tutakuja kuwahadithia wajukuu wetu tilapia kama hadithi ya sungura.

Baba msomaji, neno moja kwako mbele ya kufunga. Siandiki haya ili nimfanye samaki kuwa mwalimu wako. Samaki hana mshahara, hana nganda ya kupitia siku ya malipo, hana rafiki wa kumwambia «kunywa moja tu, utaenda.» Anafanya vile asili yake inavyomwongoza, na hastahili sifa wala lawama. Wewe unachagua kila mwisho wa mwezi. Mimi ninasema hivi tu: watu walimwita samaki huyu uchafu wa nyavu miaka na miaka, kumbe ndani ya kinywa chake alikuwa amebeba watoto wake, tumbo tupu, bila mtu kumwona. Kuna baba wengi wa namna hiyo katika kambi zetu. Wanarudi na vumbi usoni, wanasema «nimekula kule kazini,» wanaacha ugali kwa watoto. Mtoto, ukimsikia baba akisema vile, mwangalie vizuri.

Na sasa maswali ya jioni. Baba, ukiwa nyumbani, uyaulize wewe mwenyewe, usimwachie mama.

1. Kambale wa bahari tuliyesoma habari zake ana ndevu ngapi, na kambale wetu wa mto ana ngapi?

2. Mtu akichomwa na mwiba wa samaki, tunafanya nini kwanza, na kisha tunampeleka wapi?

3. Sababu gani dume anayebeba mayai hali chakula?

4. Maji ya Lualaba yanafika baharini mahali gani?

Mwezi ujao, tukiwa wazima, tutarudi pori. Kaeni na amani.